Kupambanua Uongozi wa Mungu na Kutambua Wakati Wake: Mwongozo kwa Mwenye Uamuzi Mkubwa

Swali la uamuzi mkubwa huja limefungasha maswali manne ndani yake, na mtu asipoyafungua atakesha akiomba bila kujua anaomba nini. La kwanza: je, jambo lenyewe ni jema mbele za Mungu? La pili: je, ni langu mimi? La tatu: je, ni sasa? La nne: je, ni kwa njia hii?

Biblia imejaa watu waliopata matatu wakakosa moja. Daudi alitaka kumjengea BWANA nyumba, na nabii Nathani akamwambia papo hapo aende akafanye yote yaliyo moyoni mwake. Usiku uleule neno likamjia Nathani kumrekebisha: nyumba itajengwa, ila na mwana wa Daudi (2 Samweli 7). Jambo jema, mtu siye. Musa alikuwa na miaka 40 alipompiga Mmisri, akidhani ndugu zake watafahamu kwamba Mungu anawaokoa kwa mkono wake (Matendo 7:23-25). Wito ulikuwa wake kweli, lakini aliutangulia kwa miaka 40 mingine. Ibrahimu alikuwa na ahadi ya mwana isiyo na shaka, na baada ya miaka 10 ya kukaa Kanaani akakubali shauri la mkewe Sarai la kuzaa na mjakazi wake Hajiri. Ishmaeli alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, Isaka akaja baba akiwa na miaka 100. Hapo ahadi ilikuwa sawa, njia ndiyo iliyopotoka.

Kupambanua, ambako Wakatoliki wengi wanakuita mang'amuzi, ni kuyachukua maswali haya moja baada ya jingine. Yafuatayo ni namna ya kuifanya kazi hiyo.

Kwanza, ondoa yasiyohitaji kupambanuliwa

Kulipa deni, kuacha uzinzi, kusamehe, kutunza mzazi mgonjwa, kusema kweli mbele ya kikao: haya Neno limekwisha kuyasema. Anayefunga siku tatu ili ajue kama arudishe fedha za kikundi anatafuta njia ya kutozirudisha. Kupambanua ni kwa mambo ambayo njia mbili au zaidi zote ni halali: kazi hii au ile, kuoa huyu au kungoja, kuhama au kubaki, kuingia katika huduma mwaka huu au baadaye.

Andika swali lako kwa sentensi moja

Liwe na kitenzi, tarehe, na watu watakaoguswa. "Mungu anataka nini na maisha yangu?" ni sala nzuri ya jioni, lakini halipambanuliki. Linganisha na hili: "Je, niache kazi ya ualimu mwezi wa 6 mwaka huu, niingie chuo cha Biblia kwa miaka 3, mke wangu na watoto 2 wakibaki nyumbani?"

Swali la namna hii lina maumivu yake, na ndiyo faida yake. Linamlazimisha mwalimu huyu aone kwamba hajaulizia ada, hajajua kama mwajiri wake anatoa ruhusa ya masomo, na mke wake hajaulizwa kitu. Nusu ya mambo yanayoitwa "bado sijasikia kutoka kwa Bwana" ni taarifa ambazo hazijatafutwa. Bwana Yesu mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Kuhesabu huko ni sehemu ya kuomba. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, orodhesha kila taarifa unayoweza kuipata kwa kuuliza, kupiga simu au kwenda ofisini, na uipate.

Pima kama moyo umeshaamua

Yeremia 42 isomwe na kila anayetafuta uongozi. Baada ya Yerusalemu kuanguka, viongozi wa watu waliosalia walimwendea nabii Yeremia wakamwomba awaulizie kwa BWANA, wakaapa kutii, jibu likiwa jema au baya. Jibu lilikuja baada ya siku 10: kaeni katika nchi hii. Wakamwambia Yeremia anasema uongo, kwa sababu safari ya Misri walikwisha kuipanga. Waliuliza wakiwa na mizigo mlangoni.

Kipimo cha kujijua ni hiki. Chukua karatasi, andika kwa mkono wako: "Bwana akisema hapana, nitafanya hivi…" kisha malizia kwa mambo matatu ya kweli utakayofanya. Geuza karatasi, andika: "Bwana akisema ngoja miaka 2, nitafanya hivi…" Ukishindwa kumalizia upande mmoja, au ukiumaliza kwa hasira, bado hujawa tayari kuuliza. Omba kwanza kuhusu hilo tu, hata kama litachukua wiki mbili. Kuruka hatua hii ndiko kunakowafanya watu waone ishara kila mahali: moyo uliokwisha kuamua husoma hata kuchelewa kwa basi kama sauti ya Mungu.

Weka muda, na ulingane na uzito wa jambo

Jambo linaloweza kurekebishwa ndani ya miezi michache, kama kuhamia mtaa mwingine au kupokea nafasi kanisani, halihitaji zaidi ya siku 3 hadi 7 za maombi ya makusudi. Kubadili kazi au kuchukua mkopo mkubwa, wiki 3 hadi 6. Ndoa, kuingia utawa, kuacha ajira kwa ajili ya huduma, kwenda kufanya kazi nchi ya mbali ukiacha watoto: miezi 3 hadi 6, na mara nyingine zaidi. Makadirio haya ni ya kiutendaji, hakuna andiko linaloyaamuru, lakini yanamlinda mtu na pande mbili, kukurupuka na kuzungusha.

Ukiambiwa "amua leo, kesho nafasi haipo", chukulia shinikizo hilo kama taarifa muhimu kuhusu anayekushinikiza. Katika Yoshua 9 Wagibeoni walifika wakidai wanatoka nchi ya mbali, na viriba vilivyochakaa, viatu vyenye viraka na mkate ulioingia ukungu. Wakuu wa Israeli walikagua chakula, hawakutafuta shauri la BWANA, wakafunga agano hapo hapo. Siku 3 baadaye wakagundua wale ni majirani. Walikagua mkate kwa makini kabisa. Walichokosa ni siku tatu. Na kiapo hakikuweza kurudishwa.

Daftari: kazi ya kila siku

Nunua daftari dogo la jambo hili peke yake. Tenga dakika 30 kila siku, saa ileile: 10 za kusoma Neno, 10 za kukaa kimya, 10 za kuomba na kuandika. Simu ikae chumba kingine. Dakika za kimya ndizo ngumu kuliko zote. Siku za kwanza akili itakukumbusha mkaa, ada na ujumbe wa WhatsApp. Andika pembeni kinachokusumbua kisha urudi. Usome kitabu kizima kwa mfululizo, kwa mfano Matendo au Nehemia, sura moja kwa siku. Kufungua Biblia popote na kuweka kidole ni kubahatisha, kwa sababu Biblia ina sentensi ya kuunga mkono karibu kila jambo ukiikata kutoka mahali pake.

Kila ukurasa uwe na tarehe na mistari mitano: nilichosoma, kilichonigusa, hali ya moyo, kilichotokea leo kinachohusu swali, taarifa mpya. Ukurasa wa mwalimu wetu unaweza kuonekana hivi:

"Jumanne, siku ya 11. Matendo 13. Imenigusa kwamba Barnaba na Sauli walikuwa tayari wakihudumu Antiokia walipotengwa kwa kazi. Moyo: nina furaha, lakini nikimfikiria mke wangu Neema na kodi ya nyumba nabanwa kifua. Leo: mkuu wa shule kaniudhi mbele ya wanafunzi. Taarifa: chuo kina masomo ya jioni, miaka 5."

Tazama mstari wa nne. Bila daftari, hasira ya Jumanne ingeitwa "Mungu ananisukuma kutoka". Ukisoma kurasa za wiki nne pamoja utaona kama hamu ya chuo hupanda kila mkuu wa shule anapoudhi na kushuka siku za mshahara. Ikiwa ndivyo, kinachoongea ni uchovu. Ikiwa hamu ipo palepale siku nzuri na siku mbaya, una kitu cha kuchukulia kwa uzito. Na mstari wa tano umefungua mlango wa swali la nne, la njia, ambao hakuwa akiuona.

Kufunga

Kanisa la Antiokia walikuwa wakifanya ibada na kufunga Roho Mtakatifu aliposema juu ya Barnaba na Sauli (yaani Paulo). Kisha wakafunga tena na kuomba kabla ya kuwaachia waende (Matendo 13:2-3). Kufunga mara ya pili ni jambo linalosahaulika: walithibitisha. Siku moja kwa wiki, kutoka asubuhi hadi jioni, inatosha kwa wengi. Kunywa maji. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa za kila siku afunge kitu kingine, kama simu au televisheni, na asione aibu. Fungua kwa uji, si kwa pilau. Na usiamue jambo ukiwa siku ya tatu bila chakula. Andika unachodhani umesikia, kisha ukipime wiki inayofuata ukiwa umekula na kulala.

Washauri watatu

Mithali 11:14 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu, lakini wingi unaotakiwa ni wa macho tofauti. Chagua watatu: mmoja anayelijua Neno, mmoja anayelijua jambo lenyewe (kwa mwalimu wetu, mhitimu wa chuo kile aliyewahi kuacha ajira), na mmoja anayekujua wewe na udhaifu wako, mwenye ujasiri wa kukukatalia. Walio kwenye ndoa, mwenzi wako si mshauri wa nne: ni mwenye uamuzi pamoja nawe. Ikiwa yeye hana amani, jibu la swali la tatu mara nyingi ni "bado", hata kama la kwanza na la pili ni "ndiyo".

Waendee mmoja mmoja, usiwaambie wengine wamesema nini, na usianze kwa "Mungu amenionyesha kwamba…" Neno hilo linawafunga midomo. Nani atabishana na Mungu? Wape swali lako lililoandikwa, kisha uulize: "Unaona nini ambacho mimi sikioni?" na "Ungekuwa na hofu moja juu yangu, ingekuwa ipi?" Andika majibu usiku uleule.

Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, waliita jambo hili kutembea nuruni, wakilishika neno la 1 Yohana 1:7. Mtu alileta mambo yake mbele ya ushirika, pamoja na dhambi na nia zake. Kulikuwa na hatari ya kikundi kumtawala mtu, na hatari hiyo ipo hadi leo. Hata hivyo uamuzi unaokimbia macho ya ndugu waaminifu una kasoro mahali fulani.

Unabii na ndoto

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo twende polepole. Paulo anaagiza tusitweze unabii na papo hapo tujaribu mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Anasema pia manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29). Kupima unabii ni amri. Anayekasirika ukipima neno lake amekataa Maandiko.

Ukipewa neno au ukiota, andika siku ileile maneno yenyewe bila tafsiri. Kisha tenganisha mambo matatu: kilichosemwa, maana yake, na hatua ya kuchukua. Matendo 21 inaonyesha kwa nini. Agabo alijifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo, akasema hivyo ndivyo Wayahudi watakavyomfunga Yerusalemu. Ndugu waliokuwepo wakasikia: usiende. Agabo hakusema hivyo. Neno lilikuwa la kweli, hatua waliyoibandika ilikuwa ya upendo wao, na Paulo akaenda.

Kisha pima kwa maswali haya. Linapatana na Maandiko? Kumbukumbu la Torati 13 inaonya kwamba hata ishara ikitimia, anayevuta watu kwa miungu mingine asisikilizwe. Nani anafaidika: kuna "sadaka ya mbegu" imeambatanishwa, au mtoa neno ndiye anayetaka kukuoa? Linakusukuma kwa hofu? Nehemia aliitwa na Shemaya ajifungie ndani ya hekalu kwa kuwa usiku wauaji wanakuja. Lilisikika kama onyo la kirafiki. Nehemia akalipima mara moja: mtu kama yeye akimbie? Na mtu asiye kuhani aingie hekaluni ili apone? Akatambua kwamba Mungu hakumtuma, Shemaya amekodiwa ili amtie hofu (Nehemia 6:10-13). Vipimo viwili, sheria ya Mungu na hofu, vilitosha.

Mwisho, je, neno linathibitisha jambo ambalo Mungu ameanza kulishughulikia nawe, au limetua kutoka hewani? Likiwa geni kabisa, usilitupe na usilitendee kazi. Liweke kwenye daftari, liache. Mungu akiwa amesema, ana uwezo wa kusema tena. Hasa katika uchumba: "nimeoteshwa kwamba wewe ni mke wangu" ni taarifa juu ya ndoto ya aliyeota. Binti hana deni lolote kwa ndoto ya mtu mwingine.

Mlango ulio wazi si jibu

Kwa maoni yetu, hakuna kauli iliyowapoteza Wakristo wengi kama "mlango umefunguka". Yona alipokimbia uso wa BWANA alishuka Yafa, akakuta merikebu inayokwenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo. Kila kitu kilijipanga kwa ajili ya uasi wake. Daudi alikuwa ndani ya pango la Engedi na watu wake, mfalme Sauli aliyekuja kumwinda na watu 3,000 akaingia peke yake, akiwa hana habari. Watu wa Daudi wakamwambia hii ndiyo siku BWANA aliyokuambia (1 Samweli 24). Walikuwa na ahadi, nafasi, na kauli ya pamoja. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo. Ufalme ulikuwa wake. Njia ile haikuwa yake.

Kwa upande wa pili, ugumu nao si jibu. Paulo alibaki Efeso kwa sababu alifunguliwa mlango mkubwa, na papo hapo anasema wanaompinga ni wengi (1 Wakorintho 16:8-9). Halafu Troa alipata mlango uliofunguliwa na Bwana, akauacha, kwa kuwa hakumkuta mwenzake Tito na roho yake haikupata raha (2 Wakorintho 2:12-13). Kwa hiyo mlango uusome baada ya vipimo vingine, usiutangulize. Andika kwenye daftari "visa imetoka" kama taarifa, na uulize: kama ingekataliwa, bado ningeamini jambo hili ni la Mungu?

Amani, na jinsi ya kuipima

"Nina amani" hutumika kwa hali tatu tofauti: nafuu ya kukwepa jambo gumu, msisimko wa kupata ninachotaka, na utulivu unaokaa. Yona alilala usingizi mzito merikebuni. Bwana wetu alitoka jasho Gethsemane akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba. Hivyo usingizi mzuri hauthibitishi, na kutetemeka hakupingi.

Jaribu hivi. Kwa siku 3 amka ukiishi kana kwamba umekwisha kusema "ndiyo". Usimwambie mtu, usisaini kitu. Piga mswaki, panda daladala, fundisha, ukiwa mtu aliyekwisha kuamua. Kila jioni andika mistari mitatu: nimekuwa karibu na Mungu au mbali? Nimekuwa mwema kwa watu wa nyumbani? Ni nini kimenibana? Pumzika siku moja. Kisha siku 3 za "hapana", kwa namna ileile. Linganisha kurasa. Angalia zaidi matunda kuliko hisia: njia inayokufanya mkali kwa watoto na mvivu wa kuomba, hata kama inasisimua, ina tatizo. Angalia pia hofu inafanya nini ukiiombea. Hofu ya kawaida ya jambo kubwa hupungua ukiomba, ingawa hurudi kesho. Mzigo wa onyo huongezeka kadiri unavyoomba.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, karne ya 16, aliacha kanuni inayofaa kila mtu: usibadilishe uamuzi wakati wa ukiwa wa roho. Kama ulipambanua ukiwa na utulivu, kisha ukaingia kwenye wiki kavu, ya huzuni au ugonjwa, shikilia ulipokuwa. Huo si wakati wa kugeuza usukani.

Sasa tuje kwenye wakati

Kiswahili kimetupa neno zuri la kusomea jambo hili: majira. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, mkulima mzoefu hakimbilii mbegu. Anachimba kwa jembe aone unyevu umefika wapi. Mvua iliyolowesha vidole viwili vya udongo huotesha mahindi kisha ikayaacha yafe. Dalili ni ya kweli, majira yanakaribia, na bado aliyepanda siku ile amepoteza mbegu.

Matendo 27, Paulo akipelekwa Rumi kwa merikebu akiwa mfungwa, ni somo kamili la wakati. Siku za mfungo wa Wayahudi zilikuwa zimekwisha kupita, bahari ilikuwa imeanza kuwa ya hatari. Paulo akawaonya. Zingatia kwamba hapo hakudai kuonyeshwa ndoto. Malaika alimtokea baadaye, katikati ya tufani. Alisema anachokiona kama mtu aliyewahi kuvunjikiwa merikebu. Akida aliyewasimamia wafungwa akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Walio wengi wakataka kuondoka, bandari haikufaa kukaa wakati wa baridi. Kisha upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakaona wamepata walichotaka. Mtaalamu, wengi, na upepo, vyote vilikubaliana. Haukupita muda tufani ya Eurakilo ikashuka, merikebu ikavunjika, na watu 276 wakapona kwa kuogelea na kwa kushika mbao. Na kumbuka safari ya Rumi ilikuwa mapenzi ya Mungu; Bwana alikwisha kumwambia Paulo atashuhudia huko. Kilichokosewa ni mwezi.

Wa kumwangalia kwa upande wa pili ni Nehemia. Habari za kuta za Yerusalemu zilizobomoka zilimfikia mwezi wa Kisleu, akiwa mnyweshaji wa mfalme. Alizungumza na mfalme Artashasta mwezi wa Nisani. Ni kama miezi minne ya kulia, kufunga na kuomba, huku akiendelea kupeleka divai mezani. Nafasi ilipokuja, mfalme akimuuliza kwa nini uso una huzuni, aliomba pale pale kwa moyo, kisha akajibu kwa orodha: muda wa kutokuwepo, nyaraka kwa maliwali, miti kutoka kwa Asafu mlinzi wa msitu wa mfalme. Orodha hiyo haikutungwa wakati ule. Alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, akazunguka kuta usiku bila kumwambia mtu, ndipo akasema nao. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Kutokana na hao, hizi ndizo dalili kwamba jambo ni lako ila wakati bado: huna jibu la swali la kwanza la kawaida ambalo mtu mwenye akili atakuuliza, kuondoka sasa kunavunja ahadi uliyoitoa (mkataba, deni, wanafunzi wa mtihani), mwenzi wako hajafika, unachokimbia kina nguvu kuliko unachokiendea, njia pekee ya kufanikisha ni udanganyifu mdogo. Hili la mwisho halina mjadala. Ukilazimika kughushi barua ili mlango ufunguke, ngoja.

Na dalili kwamba wakati umefika: mambo usiyoyapanga wewe yameanza kukutana na maandalizi uliyoyafanya, washauri waliokuwa na hofu wamenyamaza kwa sababu hofu zao zimejibiwa, kinachobaki ni kutokujua yajayo tu, na kuendelea kuomba kumeanza kuwa kisingizio. Hapo kwenye kisingizio tukae kidogo, maana mafundisho mengi ya kungoja husahau kwamba kuchelewa nako ni dhambi. Israeli walikataa kuingia nchi ya ahadi waliposikia taarifa za wapelelezi. Kesho yake asubuhi wakajuta, wakapanda mlimani, Musa akiwaonya kwamba BWANA hayumo kati yao, wakapigwa hadi Horma (Hesabu 14:40-45). Amri ileile, watu walewale, siku moja mbele. Na ukingoni mwa bahari Mungu alimuuliza Musa kwa nini anamlilia. Awaambie watu waende.

Ukiambiwa ngoja

Kungoja bila tarehe hugeuka kuwa kusahau. Andika tarehe ya kulirudia swali, miezi 3 au 6 mbele, na kazi mbili au tatu za kufanya hadi hapo. Mwalimu wetu anaweza kuanza masomo ya jioni, kulipa deni la chama cha akiba, na kufundisha shule ya Jumapili, aone kama wito una mikono. Yusufu aliota akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Katikati hakufanya kazi yoyote inayofanana na ndoto, lakini kusimamia nyumba ya Potifa na kusimamia gereza kulikuwa ni kujifunza kusimamia ghala za Misri.

Tarehe ikifika, usianze upya. Soma daftari lote kwa siku moja, pitia maswali manne, uone ni lipi limebadilika.

Kuamua na kuwaambia watu

Ukishapita hatua hizi, amua, hata kama uhakika ni wa sehemu tu. Huko Troa Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia, kisha yeye na wenzake wakahitimisha pamoja kwamba Mungu amewaita, wakatafuta njia ya kuondoka mara moja. Maono aliyaona mmoja, hitimisho lilikuwa la wote.

Unapowatangazia watu, sema: "Nimeomba, nimeshauriana, nimeamua hivi." Usiseme "Mungu ameniambia", hata kama moyoni unaamini hivyo. Ukisema "nimeamua", utaweza kurekebishwa, na ukikosea utatubu kosa lako bila kumchafua Bwana kwa watoto wako. Waambie kwanza mwenzi na wazazi, kisha washauri watatu, kisha mwajiri kwa barua yenye muda wa notisi uliomo kwenye mkataba, na kanisa mwishoni.

Ukigundua baadaye kwamba ulikosea wakati, rudi kwenye daftari utafute ni wapi: taarifa iliyokosekana, mshauri uliyemkwepa, au ukurasa ulioandikwa kwa hasira. Weka alama hapo. Mwombe radhi uliyemgharimu, na umlipe kinacholipika. Ibrahimu hakufukuzwa katika ahadi kwa sababu ya Hajiri, na Mungu alimsikia kijana Ishmaeli akilia jangwani, akamwonyesha mama yake kisima.